Indiketa ya Pikipiki: Kasoro Haiko Kwenye Taa

Simama jioni kwenye makutano ya Buguruni jijini Dar es Salaam, au Githurai kule Nairobi, uangalie pikipiki zinavyopinda. Dereva mmoja anatoa mguu. Mwingine anamwachia abiria kazi ya kunyoosha mkono. Wa tatu hatoi ishara yoyote. Anageuza shingo nusu, anaingia. Ukizitazama pikipiki zenyewe sababu unaiona: upande mmoja indiketa imebaki kishikio kitupu, upande wa pili imefungwa kwa mpira wa tyubu, na ya nyuma inaning'inia kwa waya wake.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa uzembe wa madereva, na uzembe kweli upo. Lakini kaa na mafundi kijiweni kwao utagundua kwamba indiketa nyingi zilizokufa zilishatengenezwa, tena zaidi ya mara moja. Globu ilibadilishwa, ikagoma. Taa nzima ikabadilishwa, ikawaka wiki mbili. Mwisho mwenye chombo akachoka. Ninavyoona mimi, kazi hii inashindikana kwa sababu tunahangaika na taa wakati ugonjwa uko kwenye njia ya umeme, hasa sehemu mbili: erthi na flasha. Aliyezielewa hizo mbili anaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi nyumbani kwa bisibisi, spana namba 10, kisu cha kuchunia waya na mita ya bei ya chini.

Wapo wanaosema mkono unatosha. Hata Mkataba wa Vienna kuhusu Trafiki Barabarani wa mwaka 1968 unaukubali mkono pale ambapo chombo hakina taa ya kuonyesha upande. Ila kwenye pikipiki mkono una kazi nyingine. Wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele. Ukiunyoosha, umeviachia vyote viwili. Na kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kupinda kulia ndiko kunakomlazimu dereva kukata mbele ya magari yanayokuja. Yaani pale penye hatari kubwa ndipo unapotakiwa kuutoa mkono unaouhitaji zaidi. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi, wanakoendesha kulia, mambo yanageuka: kona mbaya ni ya kushoto, na mkono wa kushoto unashika klachi tu. Usiku, mkono hauonekani popote pale.

Sasa tuingie kwenye umeme. Njia yenyewe ni fupi. Unatoka kwenye betri ya volti 12, unapita kwenye fyuzi, kisha swichi ya ufunguo, unaingia kwenye flasha, unatoka kwenda kwenye swichi ya kidole gumba upande wa kushoto wa usukani, na hapo unaelekezwa kushoto au kulia. Unafika kwenye globu mbili, ya mbele na ya nyuma, kisha unarudi kwenye hasi ya betri kupitia waya wa erthi au chuma cha bodi. Katika pikipiki nyingi za kazi tunazotumia, kila globu ni ya wati 10. Mbili ni wati 20. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea 1.7. Ishike namba hiyo, maana karibu kila kituko nitakachokieleza hapa kinatoka kwake.

Flasha ya kizamani ni kikopo kidogo chenye ukanda wa metali mbili ndani. Umeme ukipita, ukanda unapata joto, unajikunja, unakata njia; ukipoa unanyooka, unaiunga tena. Mlio wa tik-tik unaousikia chini ya tanki ni huo. Maana yake ni kwamba flasha inaishi kwa kutegemea mzigo. Zikipita ampea 1.7, inakonyeza kwa mwendo wake. Globu moja ikiungua, mzigo unabaki nusu na mwendo unaharibika: flasha za ukanda mara nyingi huzubaa au huiacha taa ikiwaka moja kwa moja, na za aina nyingine hukimbia mbio. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za pikipiki zinataka mikonyezo 90 kwa dakika, na tofauti isizidi 30 juu au chini. Hesabu mikonyezo kwa nusu dakika huku ukitazama saa ya simu. Ukipata chini ya 30 au zaidi ya 60, kuna kitu.

Utambuzi unaanzia hapo, kabla hujafungua hata skrubu moja. Upande mmoja ukikonyeza vizuri na wa pili ovyo, flasha iache, kwa sababu pande zote mbili zinaitumia hiyohiyo. Pande zote zikiwa zimekufa, piga honi. Kwenye pikipiki nyingi honi na indiketa zinalishwa na umeme uleule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, kwa hiyo honi ikilia vizuri, fyuzi na betri hazina kesi. Mshukiwa ni flasha au swichi ya kidole. Zikikonyeza kivivu pikipiki ikiwa imesimama na kuchangamka ukivuta mafuta, betri imechoka. Pima: betri iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.6, na injini ikiwa kwenye mwendo wa kati inapaswa kupanda hadi 13.5 au 14 na kidogo. Isipopanda, tatizo lako ni chaji, na hakuna globu itakayolitibu.

Dalili ya ajabu kuliko zote ni hii. Unawasha indiketa, unakanyaga breki, na taa ya breki nayo inaanza kukonyeza. Au indiketa inafifia kila unapogusa breki. Fundi asiye mvumilivu atakwambia waringi yote imeoza, ibadilishwe. Mara nyingi haijaoza. Kilichotokea ni kwamba njia ya kurudia imeharibika, na umeme uliokosa erthi unatafuta pa kupita kupitia taa ya jirani.

Erthi ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote kwenye pikipiki. Waya wa moto watu wanauheshimu kwa sababu ukigusa chuma unapiga cheche. Erthi haipigi cheche, basi haipewi heshima. Indiketa nyingi za bei nafuu hazina hata waya wa erthi. Zinategemea kishikio chake cha chuma kigusane na madigadi ya chuma, na madigadi igusane na bodi. Ongeza hapo rangi mpya, matope ya masika, na kutu ya miaka minne. Kwa walio Tanga, Mombasa au Unguja ongeza na chumvi ya bahari. Halafu mtu anabadilisha madigadi ya chuma kwa ya plastiki, anafunga indiketa ileile, anashangaa haiwaki. Plastiki haipitishi umeme. Taa haina pa kurudishia.

Kuikamata erthi mbovu hakuhitaji utaalamu. Chukua kipande kirefu cha waya, ncha moja ishike kwenye hasi ya betri, nyingine iguse ganda la holda ya globu wakati indiketa imewashwa. Taa ikizinduka au ikiongeza mwanga, umemaliza utafiti. Mwenye mita aiweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye ganda lile lile, taa ikiwa imewaka. Kwenye erthi nzima mita itasoma karibu na sifuri. Ikisoma volti 2 au 3, hizo ndizo volti zinazopotelea kwenye kutu badala ya kuwaka kwenye globu. Dawa yake ni msasa, au bora zaidi, waya wa erthi wa kujitegemea kutoka kila indiketa hadi kwenye bolti safi ya bodi au moja kwa moja hadi hasi ya betri. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kumpa mtu, ungekuwa huo waya.

Mahali pengine panapoua indiketa ni shingo ya usukani. Nyaya zote za usukani zinapita hapo, na kila ukikata kona zinakunjwa. Baada ya muda shaba inakatika ndani ya mpira huku mpira wenyewe ukiwa mzima kwa nje, na macho hayaoni kitu. Washa indiketa, zungusha usukani taratibu kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Ikizima sehemu moja na kuwaka nyingine, ukaguzi umeisha. Swichi ya kidole nayo hushika ukungu wa kijani kwenye visahani vyake vya shaba. Ifungue juu ya kitambaa cheupe, maana ndani kuna springi na gololi ndogo inayopenda kuruka na kupotelea mchangani.

Ukisharidhika kwamba taa yenyewe imevunjika, ndipo uende dukani. Gerezani na Kariakoo za Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi, Kisekka ya Kampala, kote utatakiwa kuchagua: globu ya kawaida, au LED. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia.

LED ina sifa zake. Inakula wati moja au mbili, inavumilia mtikisiko kuliko globu yenye kinywaya, na kwa betri iliyochoka ni nafuu kubwa. Lakini rudi kwenye ile ampea 1.7. LED mbili zinaweza kuvuta chini ya ampea 0.3. Flasha ya ukanda haipati joto la kutosha kujikunja, itaganda. Flasha nyingine itadhani globu zote zimeungua, itakimbia mbio. Mwenye pikipiki anarudi dukani kulalamika kwamba taa ni feki, na pengine si feki hata kidogo.

Kuna wanaouza rezista ya kuongeza mzigo, ya omu 10 hivi, ifungwe sambamba na LED ili flasha idanganyike. Inafanya kazi, nami siipendi. Kwa volti 12 rezista hiyo inakula wati 14 na ushee, na injini ikichaji inazidi hapo. Umenunua taa ya wati moja ukaifungia jiko la wati 14 pembeni yake, mara nyingi limebanwa chini ya kava ya plastiki. Flasha ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED haijali mzigo, inakonyeza kwa mwendo uleule hata ikiwa na taa moja. Hiyo ndiyo ya kununua.

Ila isome kabla ya kuichomeka. Flasha ya ukanda yenye miguu miwili haina mbele wala nyuma. Ya LED mara nyingi inayo. Alama B ni ya umeme unaotoka betri, L ni unaokwenda kwenye taa, na ikiwa na mguu wa tatu wenye E, huo ni wa erthi. Ukichomeka ikakaa kimya, geuza miguu kabla ya kuitupa.

Halafu linakuja fumbo linalowatoa jasho hata mafundi wazoefu. Umefunga LED nne, flasha mpya, unawasha kushoto, na zote nne zinakonyeza kwa pamoja. Hakuna shoti. Kosa liko kwenye kitaa kidogo cha dashibodi. Pikipiki yenye kitaa kimoja cha indiketa, badala ya viwili vya kushoto na kulia, hukifunga kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia, bila erthi yake. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kitaa, unavuka hadi upande wa kulia, unashuka kwenye erthi kupitia globu za kulia. Ni umeme kidogo, kama robo ampea kwa kitaa cha wati 3, na hauwezi kuziwasha globu mbili za wati 10. Zinautazama tu ukipita. LED zinaridhika nao kabisa, zinawaka.

Suluhisho ni dayodi mbili, kwa mfano aina ya 1N4007, ambazo fundi redio yeyote anazo na zinabeba hadi ampea moja. Toa nyaya mbili za kitaa cha dashibodi kutoka kwenye kushoto na kulia. Dayodi ya kwanza iungwe na waya wa kushoto, ya pili na waya wa kulia, na ncha zao zenye mstari wa rangi ya fedha ziungwe pamoja ziende kwenye upande mmoja wa kitaa. Upande wa pili wa kitaa upeleke erthi. Sasa umeme wa kila upande unaingia kwenye kitaa lakini hauwezi kuvuka kwenda upande wa pili. Kazi ya robo saa, ikiwa mkono hautetemeki.

Kuhusu rangi za nyaya, usiamini mdomo wa mtu. Kwenye Honda na nyingi za Kichina zilizoigwa kutoka CG125, rangi ya chungwa ni kushoto, bluu hafifu ni kulia, kijivu kinatoka kwenye flasha kwenda kwenye swichi, na kijani ni erthi. Mtu aliyejifunza kwenye Yamaha atakuta kijani kilichokolea ni indiketa ya kulia na cheusi ndicho erthi. Akileta ujuzi huo kwenye Honda, ambako cheusi ni umeme wa swichi ya ufunguo, atapiga shoti asubuhi na mapema. Na pikipiki iliyopitia mikono mitatu ya mafundi haina rangi inayoaminika. Pima kila waya kwanza.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya mikono tu. Toa hasi ya betri kabla ya yote. Taa ya kichwa ikifunguliwa utakuta ndani yake kifurushi cha viungio. Vipige picha kwa simu kabla ya kuvigusa. Pitisha nati na washa kwenye waya wa indiketa kabla ya kuunga chochote, kwa sababu baada ya kuunga hazipiti tena na utalazimika kukata ulichotengeneza. LED ijaribu kwenye betri ikiwa bado mkononi: ikiwa na moto na erthi kinyume, haitawaka.

Waya uwe wa nyuzi nyingi za shaba, wa milimita za mraba 0.5 au 0.75. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene unaonekana imara, lakini mtikisiko wa injini unaukata. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga tepu nyeusi ni desturi ya vijiwe vyetu vyote, na ndiyo sababu kubwa ya zile wiki mbili nilizozitaja. Tepu inalegea kwa joto, maji yanaingia, shaba inageuka kijani. Lehemu kwa risasi ya fundi redio, funika kwa mpira unaojibana ukipashwa moto, kisha ufunge waya kwenye bodi karibu na kiungo ili kisicheze. Acha ulegevu shingoni. Zungusha usukani pande zote uone kama kuna kinachovutwa. Na waya usipite karibu na bomba la moshi, hata kama ndiyo njia ya mkato.

Ukifunga taa za vipande vidogo vya kubandika, zile zinazopendwa na vijana, kumbuka kwamba kanuni nilizozitaja za Umoja wa Mataifa zinataka indiketa za nyuma ziachane angalau milimita 180 na za mbele 240. Anayekufuata kwa lori usiku hawezi kujua unapinda upande gani kama taa zote mbili zimebanana pembeni mwa namba ya usajili. Uzuri wa pikipiki unakuwa umelipiwa na aliyeko nyuma.

Fyuzi nisiipite kimya. Ikiungua mara baada ya kazi yako, kuna waya wa moto unaogusa chuma, na kazi ya fyuzi ni kukwambia hivyo. Kuiziba kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara ni kuiondoa breki ya mwisho iliyo kati ya betri na tanki la petroli. Namba iliyoandikwa kwenye fyuzi ya zamani ndiyo namba ya mpya.

Zipo kazi za kumwachia fundi umeme wa pikipiki, na si fundi yeyote mwenye spana. Chaji isiyopanda ni mojawapo, na waringi iliyoungua na kugandana ni nyingine. Pikipiki za umeme, ambazo sasa zinaonekana Nairobi na Kigali, betri yake kuu ina volti nyingi zaidi ya 12 na taa zinalishwa kupitia kifaa cha kushusha volti. Humo usichokonoe kwa kubahatisha. Mengine yote yaliyotajwa hapa yanawezekana barazani, Jumapili mchana.

Kwa mwenye pikipiki ya kazi ambayo betri yake ni nzima, hukumu yangu ni globu za kawaida za wati 10, flasha ileile, na waya mpya wa erthi kwa kila taa. Anayetaka LED abadilishe zote nne kwa mara moja pamoja na flasha. Kuchanganya globu mbele na LED nyuma ni kununua matatizo ya pande zote mbili. Na ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, muulize muuzaji taa hizo zinaendana na flasha gani. Akikosa jibu, nenda duka la pili.